Elfu Kumi ya Mama Kwaya

Kijana alisimama mlangoni mwa frem, akabisha hodi mara mbili, hakuingia. Ilikuwa Ijumaa ya tarehe 27 Juni, saa tisa alasiri, na overloki ilikuwa inanguruma kiasi kwamba niliisikia hodi ya pili tu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, baba. Karibu ndani.”

“Mama amefariki jana usiku. Tunazika kesho saa nane. Mama mdogo amesema kitambaa chake cha kwaya kiko hapa kwako.”

Sikumuuliza mama yupi. Macho yalikuwa yale yale.

Nilimpa pole, nikamwekea kiti, nikamwambia msaidizi wangu azime overloki. Kisha nikapanda kwenye stuli nikakishusha kitambaa kutoka shelfu ya juu: lesi nyeupe yadi nne na bitana yake, vimekunjwa pamoja na kufungwa kwa uzi, na kijikaratasi nilichokibana kwa pini kwa mkono wangu mwenyewe. Mama Kwaya. Pasaka.

Pasaka ilikuwa imepita miezi miwili na siku saba.

Nikafungua daftari la vipimo, nikaupata ukurasa wake. Kijana akaziangalia zile namba, akatikisa kichwa.

“Hivi ni vya zamani, mama. Amekonda sana.”

“Amekonda kiasi gani, mwanangu?”

Maneno yalimshinda. Alikutanisha dole gumba na kidole cha kati, akafanya duara, akasema mkono wake wa juu ulikuwa hivi. Akabaki amelishikilia lile duara hewani, kana kwamba akiliachia litapotea.

Nilichukua futi nikaipitisha ndani ya vidole vyake. Inchi saba.

Hivyo ndivyo nilivyompima mama yake mara ya mwisho.

Nilishona mpaka saa sita usiku. Zipu sikuweka. Mgongo niliuacha wazi, nikaweka kamba za kufungia, kama alivyonifundisha marehemu shangazi yangu, kwamba nguo ya namna hiyo haivalishwi kupitia kichwani. Asubuhi saa moja kijana alikuwa mlangoni. Aliipokea kwa mikono miwili, akauliza bei.

Nikasema elfu 25.

Akatoa simu, akalipa kwa lipa namba. Simu yangu ikalia mfukoni. Na mimi, nimesimama mbele ya mtoto anayekwenda kumzika mama yake, kitu cha kwanza kilichonijia akilini kilikuwa hesabu. Kodi ya frem ilitakiwa Jumanne, miezi sita kwa mkupuo, 720,000. Nilikuwa nimekusanya 655,000.

Sasa 680,000.

## Ukurasa wa 41

Nina madaftari mawili kwenye droo ya meza ya kukatia.

La kwanza ni la mahesabu, kubwa, la jalada gumu, mistari nimeichora mwenyewe kwa rula. Hilo nalitunza kwa ajili ya TRA. Mauzo yangu ya mwaka yanacheza kwenye milioni 10.8, na kwa mfanyabiashara wa ngazi hiyo anayetunza kumbukumbu, kodi ni 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 7. Kwangu inakuja 204,000. Asiyetunza kumbukumbu anatozwa 250,000. Kwa hiyo daftari lile linaniokolea 46,000 kila mwaka, na ndiyo maana halina hata doa la chai.

La pili ni la vipimo. Hilo limechakaa, limeshonwa mgongoni kwa uzi wa jinzi, na limejaa majina ambayo wenyewe hawajui kwamba nawaita hivyo. Mwalimu Mrefu. Bibi wa Dengu. Anti Benki. Mama Kwaya.

Katikati ya Julai nilikaa kufunga hesabu za nusu mwaka. Nilikuwa natafuta kipimo cha mteja mwingine kabisa, nikapita kwenye ukurasa wa 41. Kifua 42, kiuno 38, hipsi 44, urefu 52. Na chini kabisa, kwa penseli, pembeni kidogo:

“Katoa 10. 17/2.”

Kumi ni elfu kumi. Mwandiko ni wangu. Ilikuwa advansi aliyonipa Februari siku aliyoleta kitambaa, frem imejaa watu, nikaiandika kwenye daftari lililokuwa karibu na mkono badala ya lile la mahesabu. Alishanilipa elfu kumi. Gauni lilibakiza elfu 15. Mwanawe nikamtoza 25, na akalipa bila kuuliza, maana mtu aliyefiwa hawezi kuuliza.

Ningependa kusema kwamba elfu kumi ile ndiyo iliyoninyima usingizi. Siyo hiyo peke yake.

Kilichoninyima usingizi ni Alhamisi Kuu. Tarehe 17 Aprili alikuja kulichukua gauni lake, akasimama pale pale aliposimama mwanawe baadaye. Nilikuwa sijalikata. Nguo za watu wa Pasaka zilikuwa zimepangwa mpaka juu ya cherehani ya pili, na mimi nikasema lile neno tunalolisema mafundi: “Mama, njoo kesho jioni.” Kesho yake ilikuwa Ijumaa Kuu. Hakuja, na mimi sikushona. Nilikuja kusikia baadaye kwamba amelazwa, nikasema akipona atakuja.

Lesi ile aliinunua aivae akiwa hai, mstari wa mbele, sauti ya kwanza.

## Kwa nini tunasema “njoo kesho”

Nataka nilieleze hili kwa utulivu, kwa sababu miaka yote nimewasikia watu wakisema mafundi ni waongo, na miaka yote nimekaa kimya.

Ukiniletea kitambaa leo ukatoa advansi ya elfu kumi, kwa akili ya kawaida hela hiyo ni ya nguo yako: uzi wako, zipu yako, gamu yako, na kiasi kidogo cha jasho langu. Kwa uhalisia, saa ile ile unapogeuka kuondoka, elfu kumi yako inakwenda kununua zipu ya mtu aliyeleta kitambaa wiki iliyopita, maana ya kwake ililipa umeme. Na ya kwako italipiwa na atakayeingia kesho. Kwa hiyo lazima kesho aingie mtu. Na akiingia siwezi kumwambia “nimejaa, nenda kwa fundi mwingine,” hata kama nimejaa kweli, kwa kuwa ninachohitaji kwake siyo kazi. Ni advansi.

Ndiyo maana fundi mwenye kazi nyingi kuliko mikono yake bado anapokea kazi.

Mchezo huu sikuanza nao. Nilifungua frem hii Machi 2016, hapa Morogoro, kwa mtaji wa 1,800,000 niliouweka akiba nikiwa nashona kwenye duka la mtu. Miaka ya mwanzo nilikuwa nakataa kazi. Nakumbuka nilijisikia fahari sana kukataa kazi.

Kilichonigeuza ni miezi ya mwisho ya mwaka 2023, wakati wa mgao wa umeme. Umeme ulikuwa unakatika asubuhi unarudi jioni, siku nyingine haurudi. Cherehani ya miguu niliendelea nayo, pasi ya mkaa nikaitoa stoo, lakini overloki haina miguu. Nguo zikalala. Watu wakaja kudai vitambaa vyao na advansi zao, na walikuwa na haki. Nikakopa 500,000 kwenye moja ya zile taasisi ambazo mtaani tunaziita kausha damu, nirudishe 650,000 ndani ya siku 30. Hakuna fundi anayezalisha faida ya 150,000 kwa mwezi juu ya matumizi yake ya kawaida, na mimi nililijua hilo wakati naweka sahihi. Deni nikalilipa Desemba kwa advansi za Krismasi. Krismasi nikaishona kwa advansi za sare za shule za Januari.

Mwezi Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere ukaanza kuzalisha, na baada ya muda mgao ukapungua mpaka tukausahau. Mimi sikurudi nilipokuwa. Umeme ulirudi, lakini tayari nilikuwa mwezi mmoja nyuma ya maisha yangu mwenyewe.

## Shilingi 797

Baada ya kuona ule ukurasa wa 41 nililala nao siku mbili, kisha nikafanya kitu ambacho kwa miaka tisa sikuwahi kukifanya. Nilijiuliza mimi fundi nalipwa shilingi ngapi.

Mwezi wa kawaida, siyo wa sikukuu wala wa njaa, unaingiza kama 900,000. Kodi ya frem kwa mwezi 120,000. Msaidizi wangu namlipa kwa nguo, inafika 200,000. Nyuzi, zipu, vifungo, gamu, bitana: 150,000. Rejesho la kikundi 85,000. Kwenda Kariakoo mara moja 40,000, na hapo namshukuru Mungu kwa treni ya SGR, maana tangu ilipoanza Juni 2024 nauli ni 13,000 kwenda na 13,000 kurudi, na jioni nimerudi naendelea kushona, wakati zamani siku nzima iliishia barabarani. Umeme 35,000. Mafuta ya cherehani, sindano, fundi wa overloki 20,000. Kodi ya TRA ukiigawanya kwa miezi 17,000. Taka 5,000.

Jumla 672,000. Inabaki 228,000.

Nafungua saa mbili asubuhi, nafunga saa moja jioni, siku 26 kwa mwezi. Saa 286. Nikagawanya kwa kalkuleta ya simu, nikarudia, ikaleta jibu lile lile.

Shilingi 797 kwa saa.

Nilikaa na ile namba muda mrefu. Msaidizi wangu akauliza kama kuna msiba.

Na wala sijaingiza ile kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango, ambayo kisheria inakatwa kwenye hela ya mwenye nyumba. Mwenye frem wangu anataka 720,000 yake kamili, na anayeandamwa kwa ile asilimia 10 ni mimi. Nikisema simpi kamili, kuna watu watatu wanaingojea frem hiyo.

“Pandisha bei,” ndivyo wanavyosema ndugu zangu. Gauni la 25,000 nikilifanya 35,000 mteja anavuka barabara, anapata gauni la mitumba kwa elfu tano, zuri, limeshonwa vizuri kuliko la kwangu. Nasema hivyo kwa heshima zote, nimeyafumua mengi nikajifunzia mishono. Mwezi niliofungua frem, wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikutana Arusha wakaazimia mitumba iondolewe hatua kwa hatua. Mafundi tulipongezana. Marekani ikatishia kuzifungia bidhaa zetu soko lisilo na ushuru, nchi nyingine zikalegeza, ikabaki Rwanda na msimamo wake, na mwaka 2018 nguo za Rwanda zikaondolewa kwenye msamaha huo. Simlaumu mtu. Mama mwenye watoto wanne lazima awavishe, na mimi mwenyewe nimewavisha wangu mitumba.

Ninachosema ni kwamba bei yangu haipangwi na mimi.

## Nguo 31

Hesabu ya pili ndiyo iliyonitisha.

Nilipitia daftari la vipimo ukurasa kwa ukurasa, nikiwa na kalamu nyekundu, natafuta kila advansi ya nguo ambayo bado haijatoka. Nyingine nilikuwa nimeziandika pembeni, nyingine juu ya kijikaratasi cha kitambaani, nyingine nilizikuta kwenye ujumbe wa simu tu. Ilinichukua jioni mbili. Nguo 31. Advansi 340,000.

Kwenye kikopo cha hela siku ile kulikuwa na 46,500.

Yaani kama siku ile wateja wangu wote wangesimama mlangoni kwa pamoja wakasema “fundi, tumeghairi,” ningekuwa nadaiwa karibu laki tatu nisizokuwa nazo. Na daftari la mahesabu, lile safi, lilikuwa linaonyesha biashara inakwenda vizuri, maana mle naandika hela nguo inapotoka, siyo inapoingia. Advansi hazikuwemo kabisa. Zilipita katikati ya madaftari mawili.

Wazee wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nilikuwa na madaftari mawili na bado ilipotea.

Nikaanza kufikiri mtaji wangu ni nini hasa. Ile 1,800,000 ya 2016 iliisha siku nyingi. Cherehani mbili na overloki nikiziuza leo hazifiki hata nusu yake. Kilichokuwa kinaiendesha frem tangu ule mgao ni watu 31 waliokuwa radhi kumwachia mwanamke mmoja kitambaa na hela, wakaenda nyumbani wakalala. Hawakuandikishana nami. Hawakutoza riba. Kikundi kinanidai rejesho kila mwezi, kausha damu ilishika kadi yangu ya mpiga kura, lakini Mama Kwaya alinikopesha elfu kumi miezi minne bila kudai kitu ila gauni.

Na ni yeye ndiye niliyemwambia aje kesho.

## Vipimo

Nilifikiria kufunga. Naandika hivi waziwazi kwa sababu najua kuna mafundi wenzangu watakaosoma na ambao wamefikiria hivyo hivyo. Nilipata hata nafasi, kiwanda kimoja kilikuwa kinatafuta wasimamizi wa mstari, mshahara unaoeleweka, bima, Jumapili nyumbani. Nilichukua fomu, nikaiweka ndani ya daftari la vipimo isije ikakunjika.

Hilo ndilo lilikuwa kosa, kama ni kosa. Kila nilipoifuata fomu ilibidi nipite kwenye kurasa.

Ukurasa wa 7, yule bibi harusi wa 2017, kiuno 27. Ukurasa wa 19 yeye yule, kiuno 33, mwaka mmoja baadaye, na nimeandika “kifua kiachie, ananyonyesha.” Mtoto wa Mwalimu Mrefu nimemshonea kaptula ya chekechea, urefu inchi 11, mwaka huu suruali yake ya kidato cha kwanza ni 38. Nimeshika ukuaji wa yule mtoto kwa mkono, inchi kwa inchi, na sidhani kama hata baba yake anaujua kama mimi.

Kuna ukurasa ambao hauna jina la utani. Ni wa mama mmoja aliyekuja jioni, akaomba nifunge mlango kwanza ndipo avue ushungi. Alikuwa ametoka hospitali, titi moja limeondolewa. Nilimpima, nikaandika kulia inchi 10, kushoto nikapiga mstari. Sikumwambia kitu. Nilishona gauni lile kwa siku nne, nikakata sponji, nikaijaribu, nikaipunguza, nikaifungia ndani ya bitana upande wa kushoto kwa mshono wa mkono ili isihame wala isionekane. Siku ya kujaribu alisimama mbele ya kioo, akageuka ubavu, akageuka tena. Alikaa kimya mpaka nikaogopa. Kisha akauliza kama naweza kumshonea na la bluu.

Nilimtoza 25,000 kama kila mtu. Alikataa chenji, nikamrudishia kwa nguvu.

Jambo la namna hiyo halipo kwenye ile 797. Silisemi ili kuifuta ile 797, maana mwenye frem hapokei furaha yangu kama kodi, na anayewaambia wenye biashara ndogo kwamba malipo yao ni upendo wa kazi anatuumiza. Nasema tu kwamba nilipoishika ile fomu nilijua kiwandani nitashona kola, kola elfu moja kwa siku, na sitajua hata moja imekaa shingoni mwa nani.

Fomu bado imo mle. Sijaitupa.

Nilichofanya ni hiki. Nilinunua kopo la pili la hela, lenye kufuli, la advansi peke yake. Nguo ikiisha ndipo naitoa advansi yake kule naihamishia kwenye kopo la kwanza. Kazi mpya nilizikataa kwa wiki tano, isipokuwa za kurekebisha, mpaka zile 31 zikatoka zote. Wiki hizo tano zilikuwa ngumu. Nyumbani tulikula dagaa na ugali mpaka mwanangu wa mwisho akaanza kuhesabu siku. Nilimwomba mwenyekiti wa kikundi anisogezee rejesho moja, akakubali. Kuna jioni nilikaa frem nimezima taa ili wateja wadhani nimefunga, kwa sababu nilijiogopa nisije nikapokea.

Na kati ya zile hela zote nilizozirudisha mahali pake, elfu kumi ya Mama Kwaya ndiyo iliyochelewa kuliko zote. Wiki ya kwanza sikuwa nayo. Wiki ya pili nilikuwa nayo, nikanunulia uzi. Wiki ya tatu nilikuwa nayo na sikuwa na kisingizio, ila aibu.

## Kihonda

Jumapili ya tarehe 24 Agosti nilipanda daladala kwenda Kihonda. Nilibeba daftari la vipimo, nikabeba na noti ya elfu kumi, mpya, niliyoibadilisha makusudi.

Mama mdogo alinipokea uani, akaniwekea mkeka, akaleta maji. Kijana alikuwa anafua. Alifuta mikono, akaja, tukaamkiana. Nikaufungua ukurasa wa 41, nikamwonyesha maandishi ya penseli kwa kidole, nikaeleza kama nilivyoeleza hapa. Nikaweka noti juu ya ukurasa.

Alisoma muda mrefu kuliko maneno yenyewe.

“Kwa hiyo la Pasaka alikuwa ameshalilipia.”

“Nusu, mwanangu. Karibu nusu.”

“Na halikushonwa.”

“Halikushonwa. Nilipokea kazi nyingi kuliko mikono yangu. Nisamehe.”

Hakusema amenisamehe. Alisema, “Alikuwa anatuambia utamshonea alivae Pentekoste.” Kisha akaichukua noti, akaikunja, akaiweka mfukoni. Mama mdogo akaangalia pembeni. Tukakaa.

Ndipo mdogo wake akatoka ndani, msichana wa darasa la saba, amevaa sketi ya shule ingawa ilikuwa Jumapili. Niliitambua kabla ya kumtambua yeye. Niliishona Januari mwaka jana, na mama yake alisimama juu ya kichwa changu akisema, “Fundi, acha pindo, huyu anarefuka.” Sasa ilikuwa imepanda juu ya goti kwa inchi mbili, na Jumatatu walimu wangemrudisha.

Nikamwita. Nikageuza pindo kwa kidole gumba. Lilikuwepo, inchi nne kamili, halijaguswa. Nje ile sketi ilikuwa imepauka kwa sabuni na jua. Ndani ya pindo buluu ilikuwa bado mbichi, kama ilivyotoka dukani.

Mkasi na sindano sitembei bila. Alikwenda kubadilisha, akaniletea, nikaifumua pale pale mkekani, nikaiacha inchi moja ya akiba, nikashona kwa mkono. Mama mdogo akaleta pasi ya mkaa bila kuambiwa. Mstari wa pindo la zamani ulibaki ukionekana, mweusi kidogo, umezunguka sketi yote. Nikamwambia msichana utafifia.

“Shilingi ngapi, fundi?” aliuliza kijana.

Nilisita. Nilikuwa na jibu jingine mdomoni.

“Elfu moja mia tano.”

Akaingiza mkono mfukoni akatoa ile ile noti ya elfu kumi. Sikuwa na chenji. Mama mdogo akamtuma msichana dukani kuivunja, akarudi anakimbia, sketi ikigonga chini ya magoti, akanihesabia 1,500 mkononi na kumpa kaka yake 8,500.

Kabla sijaondoka nikamsimamisha msichana mlangoni nikampima upya. Kiuno 26. Urefu, kuanzia kiunoni, 27. Ukurasa wa 41 ulikuwa na nafasi chini, nikaviandika hapo.